Bweni au nyumba ya kupanga: hesabu ya miezi 12 Tabora

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, madalali wa vyumba Tabora huwa wameshaamka. Mwanafunzi anashuka stesheni au stendi, begi mgongoni, godoro limefungwa kwa kamba, na mtu wa kwanza kumsalimia anamuuliza kama anatafuta chumba. Aliyepangiwa AMUCTA, Chuo cha Utumishi wa Umma, chuo cha reli au kingine chochote cha mjini hapa ana siku chache za kuamua: aingie bweni la chuo, au waungane watatu wanne wapange nyumba mtaani, Isevya, Cheyo, Ng'ambo au Kiloleni. Wazazi wengi huliamua jambo hili kwa kutazama kodi ya mwezi peke yake, na hapo ndipo hesabu inapoharibikia.

Chukua mfano. Tuseme chumba ni 40,000 kwa mwezi na mnakaa wawili, kila mmoja anatoa 20,000. Ukiilinganisha na ada ya bweni, mtaani kunaonekana nafuu. Lakini mwenye nyumba hapangishi kwa muhula. Anataka ya miezi sita, wengine wanataka ya mwaka mzima, mkononi, na dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja. Mwaka wa masomo una mihula miwili ambayo kwa jumla ni kama miezi minane. Inayobaki ni likizo na mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa ualimu anapelekwa kufundisha Urambo au Nzega, atafute chumba kingine huko, huku kile cha Isevya kimefungwa kufuli na kodi inakwenda. Ukijumlisha 480,000 ya mwaka na 40,000 ya dalali, kisha ukagawa kwa miezi minane mliyolala humo, chumba kinakuwa 65,000 kwa mwezi. Bado hujanunua kitanda, ndoo, pazia, jiko na meza, vitu ambavyo mwaka wa tatu utaviuza kwa bei ya kutupa kwa mdogo wako anayeingia.

Jambo la pili ni wakati hela inapotakiwa. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku, kiwango kilekile ukae bweni ukae mtaani, na inakuja kwa awamu, kama siku 60 kwa mkupuo. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi huiita boom, kwa mara ya kwanza haiji siku unayoshuka kwenye basi. Kwanza usajili, kisha majina yatoke, kisha kusaini. Mwenye nyumba hasubiri kusaini. Kwa hiyo kodi ya kuanzia inatoka kwa mzazi, na kama ni mkulima wa tumbaku wa Kaliua au Sikonge, wakati huo masoko yameshafungwa zamani na hela ya msimu imeshagawanyika kwenye madeni na pembejeo. Bweni nalo linataka malipo mapema, lakini ni ya muhula, na vyuo vingine hukubali ulipe kidogo kidogo.

Mpaka hapo bweni linaongoza. Ila mtaani kuna kitu kimoja kizito ambacho wanaotetea mabweni hukipita haraka: jiko. Kodi inadaiwa mara mbili kwa mwaka, tumbo linadai kila siku. Bwenini kupika ni marufuku, na marufuku hiyo ina sababu, maana jiko la koili kwenye chumba chenye vitanda vya dabo deka na waya zilizochoka linaweza kuteketeza jengo zima. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa bweni anakula kwa mamantilie au kantini asubuhi, mchana na jioni, na boom linayeyuka humo. Kwenye nyumba ya kupanga, watatu wakichangia mtungi mdogo wa gesi, unga na mchele, sufuria moja inawatosha. Aliyetoka kijijini Uyui anakuja na mfuko wa michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) na karanga. Mwenzake wa Kigoma ameshuka kwenye treni na dagaa na dumu la mawese. Wiki ya pili ya mwezi, wenzao wa bweni wakianza kukopana, nyumba hii inakula michembe na chai ya rangi na kesho yake ugali na mlenda. Mwanafunzi asiyewaza chakula anasoma. Kwa watu wanaoheshimu zamu, jiko linaweza kurudisha hasara yote ya kodi ya likizo na bado likabakiza.

Lakini hao wanaoheshimu zamu ndio wenyewe wa kutafuta. Nyumba nyingi za wanafunzi ni zile za korido katikati, vyumba huku na huku, bomba na choo uani, na mita moja ya umeme kwa wote. Pembeni ya mita utaliona daftari limening'inizwa kwa uzi: majina, tarehe, nani katoa 2,000, nani kaandika "nitatoa kesho" mara tatu mfululizo. Mmoja ana pasi na hita ya maji, mwingine ana chaja ya simu tu, na mchango ni sawa kwa sawa. Tena bei yenyewe haiwapendelei. Mteja mdogo wa TANESCO analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo ni 350 kabla ya kodi na tozo. Familia ndogo inaweza kukaa chini ya mstari huo. Nyumba yenye vyumba sita vya vijana inauvuka bila hata kujua. Juu yake kuna kodi ya jengo, ambayo inakatwa humohumo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Deni la mwenye nyumba, anayelilipa ni anayenunua umeme. Yote haya hayasemwi siku ya kuonyeshwa chumba.

Maji si kilio kama zamani. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafikishwe Tabora, foleni za enzi za kutegemea bwawa la Igombe zimepungua. Tofauti iliyobaki ni ndogo: bwenini kuna tangi, mtaani kuna bomba la uani ambalo mama mwenye nyumba anaweza kulifunga anapoona bili imepanda.

Usalama ni suala jingine, na hapa siwezi kusema kwa upole. Binti anayetoka maktaba saa tatu usiku na kupita vichochoro visivyo na taa haishi maisha sawa na kaka yake anayetembea njia ileile. Bweni lina geti, mlinzi na matroni. Wapo wasichana wanaolilalamikia geti linalofungwa mapema, na ni haki yao, maana kuna vyuo vinavyowafungia wasichana kama watoto huku wavulana wakiachwa. Hata hivyo, geti hilo ndilo linalomfanya mzazi wa Kibondo alale. Mtaani kuna wizi wa dirishani: simu au kompyuta ikiachwa karibu na nondo, inavutwa kwa mti wenye ndoano watu wakiwa wamelala ndani. Na kuna ugonjwa wa usiku. Mvua za Novemba zinakuja na malaria. Bwenini matroni anajua namba ya gari. Mtaani ni wenzako wawili, bodaboda na barabara ya kwenda hospitali ya Kitete, na kama wenzako wamesafiri, ni wewe na homa yako.

Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu sioni sababu ya mjadala mrefu. AMUCTA inafundisha elimu ya mahitaji maalumu, kwa hiyo watu wa Tabora hawawezi kusema hawajui. Asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu apewe kitanda cha chini karibu na madarasa kabla ya mwingine yeyote. Asiachiwe dalali.

Kwenye masomo, kila upande husema kwake ndiko kunakosomeka. Ukweli ni kwamba bweni lina makelele, simu za spika na watu wanaobebana, kitanda cha mmoja wanalala wawili. Lakini taarifa zote zinapita hapo: mtihani umeahirishwa, mwalimu kahamisha kipindi, diskasheni inaanza saa mbili. Wa mwaka wa kwanza anayekaa mbali hupitwa na mambo ambayo hata hajui kama yapo. Kufika mwaka wa pili ameshajua nani wa kumpigia simu, na umbali haumdhuru sana.

Lililobaki hutajwa kwa kunong'ona: kuishi kinyumba. Wapo wawili wanaoanza kwa kusema wanabana kodi, na baada ya miezi michache binti ndiye anayepika, anayefua na anayechota maji kwa wote wawili, huku mitihani inamsubiri. Sisemi kila nyumba ya mtaani iko hivyo. Nasema hesabu ya kodi iliyogawanywa kwa wawili haionyeshi nani anazilipa saa za kazi ya nyumbani.

Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza ni bweni, likipatikana, hata kama ni la kubanana. Kuanzia mwaka wa pili, nyumba ya watatu wanaofahamiana tabia inalishinda bweni, kwa sababu ya jiko zaidi ya kitu kingine. Nyumba ya wanne wasiojuana waliokutanishwa na dalali ni mahali pabaya kuliko vyote viwili.

Na wanaohama waandikiane. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, hivyo kinachomlinda mpangaji ni mkataba wake. Kawaida mkataba huwa na jina moja, na huyo mmoja ndiye anayegongewa mlango mwenzake akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, au boom lake likikwama. Majina ya wote yaingie. Iandikwe nani anarudisha kodi ya anayeondoka katikati, nani anatafuta wa kuziba nafasi, na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Mkataba usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kila mmoja abaki na nakala. Chuo nacho, kinapomwambia mwanafunzi mpya kwamba vitanda vimejaa, kimpe siku hiyohiyo orodha ya nyumba ambazo ofisi ya mshauri wa wanafunzi imezitembelea, ikaona choo, mlango na mita yake.