Mgeni njoo, mwenyeji asibanwe

Programu za kupanga madirisha ya kompyuta kwa kusogeza, zile zinazoyaweka kwenye utepe mmoja mrefu kuliko skrini, zina lawama moja inayozifuata kila mahali: kwamba hazipangi chochote, zinaficha tu. Unafungua dirisha la tano, la kwanza linatokomea ukingoni kushoto, na kazi yako sasa ni kulisaka. Anayelalamika hivyo mara nyingi ni mtu wa i3 au dwm, programu zinazoigawa skrini kwa madirisha yote, aliyezoea kuona kila dirisha mbele yake kama vigae vilivyopangwa ukutani. Ana hoja. Ila amepiga hesabu ya upande mmoja, na huu wa pili hautajwi sana.

Chukua skrini ya kawaida yenye upana wa pikseli 1920. Usipoigusa mipangilio yake, i3 huugawa upana huo sawasawa: madirisha mawili yanapata 960 kila moja, matatu 640, manne 480. Sasa chukua terminali, dirisha la kuandikia amri, ambayo kila herufi ina upana wa pikseli 9. Mstari wa herufi 80, kipimo ambacho waandishi wengi wa programu hawajakiacha hadi leo, unataka pikseli 720. Madirisha yakiwa mawili mstari unaingia na nafasi inabaki. Likija la tatu, zinaingia herufi 71. Likija la nne, 53. Kwa hiyo huhitaji kuwa mtu wa fujo mwenye madirisha ishirini ili mfumo wa vigae ukushinde. La tatu tu linatosha.

Herufi tisa zinaonekana kitu kidogo. Lakini fuatilia kinachotokea. Nina kihariri cha Vim ndani ya terminali kushoto, kulia terminali nyingine inayotiririsha kumbukumbu za ujenzi wa programu, na nataka kutazama maana ya kigezo kimoja kwenye mwongozo. Nafungua dirisha la tatu. Kihariri na terminali vyote vinapunguzwa upana. Programu iliyo mbele ndani ya kila terminali inatumiwa ishara ya SIGWINCH, maana yake "ukubwa umebadilika, jichore upya". Vim inatii na kujichora. Orodha ya mafaili ambayo amri ya ls ilishaichapa kwa safu haina wa kuipanga tena, kwa hiyo mistari inajikunja na safu zinavurugika. Kumbukumbu zilizokuwa mstari mmoja mmoja zinakuwa miwili miwili, na lile kosa nililokuwa nimelikazia macho limeshuka chini mahali nisipopajua. Nasoma mwongozo kwa sekunde kumi, nafunga, na kila kitu kinatanuka tena. Madirisha mawili yaliyokuwa yametulia yamebadilishwa ukubwa mara nne kwa jumla, kwa ajili ya swali la sekunde kumi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hapa mgeni kaja na mwenyeji kabanwa mbavu.

Mtu wa i3 atanijibu kwamba kuna mpangilio wa vichupo, na kuna nafasi nyingine ya kazi, yaani seti nyingine ya madirisha, ambako mwongozo ungefunguliwa bila kumgusa yeyote. Ni kweli. Lakini hapo naye ameficha! Kichupo kinaficha, nafasi ya kazi inaficha. Tofauti ni kwamba yeye anatakiwa kuamua kabla ya kufungua, wakati kwenye utepe wa kusogeza dirisha jipya linakaa upande wa kulia wa lile unalotumia na kuwaacha wengine na upana wao. PaperWM ndiyo iliyoutambulisha mtindo huu kwa wengi wetu ndani ya GNOME Shell, kiolesura cha mazingira ya GNOME kwenye Linux, Karousel ikauleta KDE, mazingira mengine ya aina hiyo, na niri, programu inayojitegemea, imeiandika kanuni yenyewe waziwazi: kufungua dirisha jipya kusibadilishe ukubwa wa yaliyopo. Na kilichofichwa kina mwelekeo. Kiko kushoto, au kiko kulia.

Mwelekeo nao una mipaka, nakiri. Dirisha lililo safu saba kutoka hapo ulipo ni mwendo, ilhali mtu wa i3 anabonyeza namba 3 na amefika. Kwenye niri nafasi za kazi hupangika kuelekea chini na zilizo tupu huondolewa, hivyo namba zinahamahama usipozipa majina. Anayetaka kutazama kumbukumbu nne kwa pamoja, zote, muda wote, utepe haumsaidii kitu. Na wapo wanaosikia kizunguzungu skrini nzima ikiteleza. Miondoko inaweza kuzimwa, ila ukiizima unapoteza pia ile hisia ya dirisha limekwenda upande gani.

Kwa wajenzi wa programu hizi, ubishi ni mwingine kabisa. Katika Wayland, itifaki mpya ya kuonyesha madirisha kwenye Linux, kompozita (programu inayounganisha picha za madirisha kuwa skrini moja) haimkunji mtu kwa nguvu: inapendekeza ukubwa, programu inakubali, kisha inaleta picha mpya. Yakibadilika madirisha sita kwa mpigo, sita yote yanangojwa. Sway, ndugu wa i3 kwa Wayland, huyasubiri hadi milisekunde 200 ili mabadiliko yaonekane kwa pamoja. Utepe hauondoi mazungumzo hayo, maana ukirundika mawili katika safu moja bado yanagawana kimo, lakini unayapunguza sana.

Bei yake iko kwingine. PaperWM ikiwa kiendelezi inapata bure kila kilichomo GNOME, kuanzia arifa hadi kufunga skrini, ila GNOME hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka na mambo ya ndani hubadilika. Isitoshe, GNOME Shell huhesabu monita zote kama uwanja mmoja, kwa hiyo utepe unaorefuka kulia unataka kumwagikia monita ya jirani na lazima uzuiwe. Niri iliandikwa kuwa kompozita kamili, kwa lugha ya Rust, sababu mojawapo ikiwa kuipa kila monita utepe wake. Matokeo ni kwamba upau na programu ya arifa unavitafuta mwenyewe, na programu za zamani za X11, mfumo uliotangulia Wayland, zinapitia programu ya kati iitwayo xwayland-satellite. Tena kompozita ya Wayland ikianguka, kwa kawaida madirisha huanguka nayo. Katika X11 meneja wa madirisha angeweza kufa na programu zako zikabaki hai.

Hilo la kuanguka ndilo lingenifanya nisite, kama si namna niri inavyojaribiwa: sehemu ya mpangilio hurushiwa mifululizo ya vitendo vya kubahatisha, fungua, funga, hamisha, chomoa monita, kisha inakaguliwa kama bado iko sawa. Mimi nimeshahama.

Simshawishi kila mtu anifuate. Mwenye monita ya pikseli 5120 anaweza kupanga terminali saba sambamba na kila moja ikaingiza herufi 81. Kwake mgeni wa kwanza kumbana mwenyeji ni wa nane, na sijui kama amewahi kumfungulia mlango.