Msemaji wa serikali wakati wa vita: tunamhukumu kwa kosa lipi?

Aprili 1980, siku mbili kabla makomando wa Marekani hawajatua jangwani nchini Iran, mwandishi Jack Nelson wa gazeti la Los Angeles Times alimuuliza Jody Powell, msemaji wa Rais Jimmy Carter, swali la wazi kabisa: je, serikali ina mpango wa kuwakomboa kwa nguvu Wamarekani walioshikwa mateka Tehran? Powell aliujua mpango wote. Akajibu kwamba haupo, tena akamsogeza Nelson mbali zaidi kwa kumdokeza kuwa linalowezekana ni kuzuia meli kuingia Iran. Usiku wa Aprili 24 operesheni ikaanza, ikakwama kwa hitilafu za helikopta, na wakati wa kuondoka helikopta moja ikagonga ndege ya mizigo. Wanajeshi wanane walikufa pale pale jangwani.

Tangu hapo kisa hiki kinarudiwa kila unapozuka mjadala wa wasemaji na waandishi wakati wa vita, na karibu kila mara Powell ndiye mshtakiwa. Hoja ya wanaomshtaki naielewa na naiheshimu. Msemaji analipwa na umma. Mwandishi akimwamini, jina linalochafuka gazetini ni la mwandishi, halafu msomaji naye anaacha kuamini gazeti. Saigon, wakati wa vita vya Vietnam, iliwahi kuonyesha mwisho wa njia hiyo. Kila siku jioni maofisa wa Marekani walikutana na waandishi kuwasomea hesabu ya maadui waliouawa na vijiji vilivyotulizwa, mbele ya watu waliotoka vitani asubuhi ile ile na kuona mambo tofauti kwa macho yao. Kikao kikageuka mzaha. Ikafika mahali hata ofisa aliyesema kweli hakuaminiwa, na hasara hiyo haikufutika vita vilipokwisha.

Hata hivyo, naona msemaji haeleweki, na nataka nimtetee kwa kiasi anachostahili.

Jiweke kwenye kiti cha Powell kwa dakika moja. Ushauri anaopewa kila msemaji ni huu: nyamaza, lakini usidanganye. Unasikika vizuri darasani. Lakini kama jana uliulizwa ukasema "hakuna mpango," na juzi vilevile, leo ukijibu "siwezi kulizungumzia hilo," umeshasema kila kitu. Mwandishi mzoefu ataifunga kalamu yake na kukimbilia simu. Wakati wa vita ukimya nao ni habari, na upande wa pili wako wanaolipwa kuusoma. Njia pekee ya kukwepa mtego huo ni kuwa na desturi ya kutozungumzia operesheni kabisa, zilizopo na zisizokuwepo, tangu siku ya kwanza. Huo ni msimamo mgumu, unakera, na waandishi huupiga vita kwa haki yao. Ila asiyeujenga mapema hawezi kuuokota siku ya hatari.

Na hatari yenyewe si ya kubuni. Mwaka 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina vya visiwa vya Falkland, Idhaa ya Dunia ya BBC ilitangaza kwamba askari wa miavuli wa Uingereza walikuwa karibu na Goose Green, kabla hawajashambulia. Kamanda wao, Luteni Kanali H. Jones, akaisikia habari hiyo redioni akiwa huko huko porini na watu wake, akawaka hasira, akaapa kuwashtaki waliohusika. Mei 28 aliuawa katika mapigano hayo. Kama Waargentina waliifanyia kazi habari ile au la, bado kuna ubishi. Kinachonigusa ni kwamba haikutoka kwa waandishi waliosafiri na jeshi. Ilivujia London, mahali penye maofisa na wanasiasa. Basi mtu kama Ian McDonald wa Wizara ya Ulinzi, aliyechekwa kwa kusoma taarifa zake polepole mno mbele ya kamera, neno kwa neno kama anayeandikisha imla, alikuwa na sababu ya upole ule. Kila neno alilopima kuna mtu mahali fulani lilimhusu.

Kwa hiyo Powell simhukumu. Uongo wake ulikuwa na mpaka: ulilinda watu waliokuwa karibu kupanda ndege, uliisha operesheni ilipoisha, na mwenyewe hakuukana. Aliutetea hadharani, kwa jina lake. Uliweza kubishana naye kwa sababu alikuwepo wa kubishana naye.

Grenada, nchi ndogo ya kisiwa huko Karibi, ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo lilipo jeraha ninaloona halitazamwi vya kutosha. Oktoba 24, 1983, Bill Plante wa televisheni ya CBS alimwendea Larry Speakes, msemaji wa Rais Ronald Reagan, akamuuliza kama Marekani inajiandaa kuivamia Grenada. Speakes hakujua. Akafanya kile hasa tunachotaka msemaji afanye, yaani akaenda kuuliza. Jibu lililorudi kutoka kwa Admirali John Poindexter, naibu mshauri wa usalama wa taifa, ni kwamba hilo ni wazo la kipuuzi. Speakes akalipeleka kwa Plante kama alivyolipokea. Alfajiri ya siku ya pili wanajeshi wa Marekani walikuwa wakishuka Grenada. Les Janka, msaidizi wa Speakes kwa mambo ya nje, akajiuzulu.

Tazama kilichofanyika. Asiyejua hukana kwa uso safi kuliko anayejua, na uso huo ndio uliotumika, mwenyewe hana habari. Powell alipewa siri na rais wake, akabeba mzigo wa kuchagua. Speakes hakupewa hata nafasi ya kusema "sina la kusema," kwa sababu hakujua kwamba kuna la kutosema. Wakubwa waliomficha walidhani wanalinda siri, lakini fikiria kesho yake: mwandishi gani atamwuliza tena mtu ambaye imethibitika kwamba haambiwi? Atampita mlangoni, ataingia kwa chanzo kisicho na jina huko ndani, na habari zitatoka kwa mtu asiyepimwa maneno na asiyewajibika. Serikali iliyomfungia nje msemaji wake inaishia kuvuja zaidi. Waandishi nao walizuiwa kufika Grenada siku za mwanzo, mamia wakabaki Barbados wakisubiri. Malalamiko yakazaa kamati chini ya Meja Jenerali Winant Sidle, na kamati ikazaa utaratibu wa kundi dogo la waandishi litakaloondoka na jeshi. Panama ilipovamiwa Desemba 1989 kundi hilo lilipelekwa likafika limechelewa, mapigano makubwa yakiwa yamepita. Utaratibu mpya, lakini mlango ule ule.

Simfanyi Speakes malaika. Mwaka 1988 alikiri mwenyewe kwamba alipata kubuni maneno na kuyaweka kinywani mwa Reagan wakati wa mkutano na Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, mjini Geneva mwaka 1985, na waandishi wakayachapa. Hilo halina utetezi wowote. Hapakuwa na askari ambaye uongo ule ulimlinda.

Karibu na kwetu, Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011, Meja Emmanuel Chirchir alikuwa msemaji wa jeshi aliyezungumza na dunia moja kwa moja kupitia Twitter. Alionya wakazi wa miji kumi ya Somalia kwamba mashambulizi yanakuja, akaonya hata kuhusu misafara mikubwa ya punda. Wengi walicheka punda, mimi niliona ofisa anayejaribu kuwaambia raia kitu kabla bomu halijaanguka. Lakini Januari 2012 akaweka picha za mtu anayepigwa mawe kama tukio jipya, kumbe ni picha za mwaka 2009, na Al-Shabaab, ambao nao walishafungua akaunti yao, wakapata cha kumsutia. Palepale ungeona thamani ya mwandishi wa katikati, yule anayeuliza picha imepigwa lini na nani. Msemaji aliyempita mwandishi alipoteza pia mtu wa kumshika mkono.

Utetezi wangu wa ukimya, hata hivyo, una saa yake. Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wa Kenya ilivamiwa El Adde, Somalia. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilisema iliyoshambuliwa ni kambi jirani ya jeshi la Somalia. Saa za mwanzo naweza kuelewa: mawasiliano yamekatika, kuna askari wanatembea porini wanatafutwa, na neno moja lingewaonyesha walipo. Lakini siku zilipita, miili ikarudishwa Nairobi, na idadi haikutajwa. Alikuwa anafichwa nani? Al-Shabaab walikuwa wameingia ndani ya kambi. Hesabu walikuwa nayo. Waliobaki gizani ni wazazi, wake, watoto na wapiga kura. Mwezi uliofuata Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia akasema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba waliouawa walikaribia 200. Jeshi la Kenya likaikataa idadi hiyo, na halikutoa yake.