Kompyuta ya Kushikika na Sanduku la Kufuli Tatu

Mwaka 1991 Mark Weiser, mtafiti wa Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox huko California, aliandika kwamba teknolojia zenye maana kubwa zaidi ni zile zinazotoweka machoni kwa kufumwa ndani ya maisha ya kila siku. Miaka sita baadaye Hiroshi Ishii wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alitaka taarifa za kompyuta zipewe umbo la kushikwa mkononi. Mtafiti wa uzamivu anayeingia katika taaluma ya jinsi watu wanavyotumia kompyuta hupokea mawazo hayo kama mapacha, ilhali moja huficha mashine na jingine huiweka wazi, na kwa anayefanya kazi hiyo Uganda tofauti hiyo ni kubwa.

Kuficha kuna faida. Vihisi vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2015, vimefungwa kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, vikipima uchafu wa hewa ya Kampala bila kumsumbua mpita njia. Hewa haina siri (ingawa njia anazopita mwenye bodaboda ni zake). Kihisi cha namna hiyo kikianza kuhesabu watu sokoni, mambo hubadilika: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatambua ridhaa ya mhusika, nami sioni mtu ataridhia vipi kifaa asichojua kuwa kipo.

Ndiyo maana naegemea kwenye kushikika. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vijijini hutunza fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa wanachama watatu tofauti, na kila hisa hugongwa muhuri kijitabuni, hivyo hata asiyejua kusoma huhesabu akiba yake mwenyewe. Kuhamishia hesabu zote kwenye simu ya katibu hupunguza makosa na hofu ya wezi, lakini wanachama hupoteza ushahidi waliouona kwa macho yao. Mtafiti angeweza kuunganisha vyote viwili, muamala wa simu usipite mpaka funguo tatu zizungushwe mbele ya kikundi.

Wanaopinga wana hoja nzito: simu tayari ipo, kifaa cha pekee ni ghali, na tasnifu ikishatetewa kifaa huishia kabatini. Hoja hiyo naikubali kwa kiasi kikubwa. Sanduku la namna hiyo litafaa tu iwapo fundi wa simu wa senta ya karibu anaweza kulifungua na kulitengeneza, na iwapo, umeme ukikatika, kufuli zake bado zinafunguka kwa funguo zile zile.