Amboni: waja leo, waondoka leo

Tanga ina jina la utani, "waja leo, waondoka leo", na wenyeji hulitamka kwa kejeli. Mgeni hushuka basi akiapa kwamba kesho anarudi kwao. Miaka kumi baadaye ana mke Chumbageni na watoto watatu. Kwenye Mapango ya Amboni kejeli hiyo haipo. Pale watu huja leo na kuondoka leo kweli, tena ndani ya saa moja.

Nawajua kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa mmoja wao. Tulitoka mjini kwa bodaboda, kilomita nane hivi kwa barabara ya Horohoro, tukaingia kijiji cha Kiomoni, tukalipa kiingilio, tukamfuata mwongozaji na tochi yake. Akatuonyesha jiwe linalofanana na meli. Akatusimulia habari za Osale Otango, anayesemekana kujificha humo miaka ya 1950 akisakwa na serikali ya mkoloni. Akatuambia pango moja linakwenda hadi Mombasa, na jingine linatokea Kilimanjaro. Tukapiga picha. Saa saba mchana tulishakuwa mjini tunakula wali, nikamwambia mwenzangu, "Si mbaya, ila hakuna cha ajabu sana." Maneno hayo nayaonea haya mpaka leo.

Habari ya Kilimanjaro ni hadithi tamu tu. Wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Wengine wakisikia hivyo hukata tamaa. Mimi ndiyo kwanza nilianza kulipenda, maana nilijiuliza: kama si handaki la kwenda Mombasa, ni nini basi?

Ni kazi ya maji. Mawe yale ya chokaa yalikuwa tope la chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mvua hunyesha, maji hupenya kwenye udongo yakibeba hewa ya ukaa, huwa na uchachu kidogo, na uchachu huo hulila jiwe polepole. Huku yanachimba, huku yanajenga: tone linaloning'inia darini huacha chembe ya chokaa, na jiwe hurefuka kwa kiasi kisichofika hata milimita moja kwa mwaka. Sasa wewe umelipa nauli kutoka Dar, umefika, ukaipa kazi hiyo dakika arobaini.

Safari ya pili nilikwenda peke yangu, nikamwomba mwongozaji anipeleke mtoni kwanza. Akanitazama kama niliyekosea njia. Mito ni miwili, Mkulumuzi na Sigi, na watalii wengi huivuka bila kuuliza majina. Sigi hutoka milima ya Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, na bwawa la Mabayani lililojengwa juu yake ndilo linalowapa watu wa Tanga maji ya bombani. Tuliteremka taratibu. Kwenye mwamba wenye kivuli, pale unyevu haukauki, nikaonyeshwa kimmea chenye majani ya manyoya kama sikio la paka. Kumbe ndicho kile kinachotoa ua la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake likabaki kwenye ua: Saintpaulia. Kwetu linaota bure na hakuna anayeinama kulitazama.

Ndani ya pango, mahali pa tambiko paitwapo Mzimu wa Mabavu, palikuwa na mama mmoja aliyekuja kuomba. Ameleta ubani na chupa ya marashi. Sikumuuliza shida yake. Alikaa muda mrefu kuliko makundi mawili ya wanafunzi yaliyopita mbele yake, na nadhani siku ile ni yeye tu aliyelitumia pango ipasavyo.

Najua mtaniambia: muda huo nani anao, na pesa je? Lakini gharama kubwa ya safari ni nauli, na nauli mmeshailipa. Lala usiku wa pili. Siku moja ya Amboni na maji moto ya Galanos, siku mbili za kupanda Muheza hadi Amani kuuona mto huohuo ukiwa kijito baridi cha msituni. Kiomoni nao wapate kukuuzia chakula. Sasa hivi wanachopata kwa magari mengi ni vumbi.

Siku ile bodaboda wangu alinifuata saa nane kama tulivyopatana. Nikamwambia arudi jioni. "Jioni? Utafanya nini huku, kaka?" Nikamwambia nangoja popo, maana mwongozaji alikubali tukae nje hadi giza liingie. Akacheka, akazima pikipiki, akakaa naye. Tulikaa mbali kidogo na mdomo wa pango. Popo si wa kushikwa wala kusogelewa, wana maradhi yao. Adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali. Akatoka mmoja, wakatoka watatu, kisha wakamiminika kama moshi kuelekea kwenye miti ya matunda. Jamaa yule amezaliwa kilomita nne kutoka pale. Alikuwa hajawahi kuwaona wakitoka.