Maiti anadaiwa kodi

Hapa Hamburg, Ujerumani, huwa nakatiza makaburini kwenda kituo cha treni, ni njia ya mkato na kunapendeza kuliko bustani nyingi nlizoziona. Juzi nakuta jiwe moja zuri la kaburi limebandikwa stika, ati muda umekwisha, wahusika wafike ofisini. Nikacheka peke yangu kisha nikakasirika. Mtu kafa, kalala zake, bado anadaiwa kodi! Huku kaburi hununui, unakodi, hapa mjini miaka 25, ikimalizika atokee wa kulipia tena au jiwe ling'olewe na azikwe mwengine.

Sasa wale jamaa wa "fulani keshakuwa mzungu" wakae kidogo, bado sijamaliza.

Kaburi la babu yangu kule Pemba halina jina. Lina jiwe la tumbawe kichwani na jengine miguuni basi, na kila mtu kijijini anajua hapa kalala nani, pembeni yake nani, na yule mtoto aliyekufa kabla ya arubaini yuko wapi. Huku jina limechongwa vizuri na tarehe zake mbili, na wa kulijua hayupo. Ndo najiuliza njia nzima, mtu yupo kwa sababu kaandikwa au kwa sababu kuna wanaomtaja? Mwanangu alipozaliwa huku nilimuadhinia palepale wodini, jina usiku ule ule likafika Wete kwa voisi, bibi zake wanalitamka utasema wamemlea wao, lakini serikali haikumtambua mpaka nilete cheti changu cha kuzaliwa, na hicho cheti kinasema tarehe 1 mwezi wa saba kwa kuwa mama alimwambia karani nimezaliwa msimu wa karafuu, karani akaandika ilomjia. Kwa hiyo mtoto kasubiri kuwepo duniani mpaka tarehe ya kubuni ya baba yake ifasiriwe Kijerumani na ipigwe muhuri. Wala hakujali, yeye akinyonya tu.

Mwenzetu mmoja kazikwa mji huu huu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, kazaliwa Mtoni 1844, kaondoka Unguja 1866 ana mimba ya Mjerumani, huku akawa Emily Ruete, mume kafa kwa ajali ya tramu 1870 kamwachia watoto watatu wadogo, mwenyewe kafia Jena 1924 na sasa yupo Ohlsdorf, makaburi makubwa hayo mpaka mabasi yanapita ndani. Inasimuliwa kazikwa na mchanga wa pwani ya Unguja aliouweka miaka yote. Nimekwenda kumzuru, na najua kuna wa kuniuliza nlisoma nini pale maana bibi yule alibatizwa. Hilo niachieni mie na Mola wangu. Nlichokiona ni kuwa yeye ana vyote viwili, jiwe la kuandikwa na watu wa kumtaja, lakini ndo lazima uwe binti sultani.

Kwa kuzika sie hatuna mpinzani, nalisema kwa fahari. Mtu kafa alfajiri, redio ishatangaza, watu washajaa, wengine hata hawamjui, wanagombania jeneza, alasiri keshafukiwa. Huku majimbo mengi hawaruhusu hata kuzika kabla ya saa 48, na mama wa mfanyakazi mwenzangu alikaa wiki kadhaa ndo kuzikwa, tena kwa kadi, huna kadi huendi. Kwenye msiba! Khaa.

Lakini hawa watu wana kitu kimoja kinaniuma. Kila maiti lazima daktari amwangalie aandike kafa na nini, na akitaka kuchomwa moto anakuja daktari wa pili kuangalia tena. Sie tunajua kumlilia mtu kuliko kuuliza kimemuua nini. Meli ya Spice Islander ilijazwa kupita kiasi ikaondoka Unguja kuja Pemba, ikazama na watu usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, wenyewe mnajua. Tumezika, tumesoma hitma, na leo ukikaa barazani ukataja habari ya abiria kuzidi kwenye boti unaambiwa usihoji kadari. Nani kahoji kadari? Umri wa mtu anaujua Mungu, idadi ya abiria anaijua mkata tiketi. Nimeshamsikia na yule wa "kwa hiyo unataka tuwe kama wao, tuzikane kwa kadi". Sijasema hivyo, rudi juu usome tena.

Grupu letu la familia likitangaziwa msiba hela ya hitma inapatikana kabla ya isha, na mie nachanga tena kwa moyo. Mwaka jana shemeji yangu kashikwa na uchungu usiku, gari ya kumfikisha hospitali ikatafutwa mpaka alfajiri, alhamdulillahi wamesalimika wote wawili. Nikaandika mle mle kwenye grupu, jamani tuweke na akiba ya gari kama tunavyochanga ya hitma. Ami yangu mmoja akajibu Ulaya imeniharibu, naleta mambo ya kubashiria watu mabaya, wengine wakamuwekea vidole gumba. Haya ami, imeniharibu. Gari je?