Mimba za wanafunzi na undumilakuwili wa vyombo vya habari

Mtu akiniambia media zetu zina undumilakuwili huwa nataka mfano, na kwetu huku Kanda ya Ziwa mfano uliokaa vizuri ni ishu ya wanafunzi wanaopata mimba, maana hii imegawa watu kweli kweli, vijiweni, makanisani, mpaka mume na mke ndani ya nyumba moja.

Juni 2017 Rais Magufuli akiwa ziarani Pwani alisema mwanafunzi akishapata mimba ndo basi, shule ya serikali harudi. Novemba 2021, Rais Samia akiwa na miezi nane tu Ikulu, Waziri wa Elimu Profesa Ndalichako akatangaza ruksa kurudi, na waziri ni yule yule aliyekuwepo 2017! Sasa vipindi nilivyokuwa nasikiliza mimi, mwanzo waliitwa wazee kueleza kwamba kurudi shule ni kuharibu maadili, baadae wakaitwa wengine kueleza kwamba kuzuia ni ukatili, na hakuna mtangazaji aliyeuliza jamani, mbona juzi tulisema vingine?

Kuna utetezi na una uzito. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilikuwa mbichi, gazeti la Mawio lilifungiwa miaka miwili Juni hiyo hiyo ya 2017, MwanaHalisi likafuata Septemba, leseni zao zikaja kurudishwa Februari 2022. Mhariri mwenye familia na wafanyakazi angefanyaje? Ila mimi naona hofu inaeleza kwa nini mtu alinyamaza, haielezi kwa nini alishangilia.

Utetezi wa pili naukubali zaidi. Wazazi wengi wa Sengerema na Ukerewe walikuwa upande wa Magufuli kwa dhati kabisa, na siyo kwa sababu tu ni mtoto wa Chato, wa huku huku ziwani. Waliogopa binti wa pili na wa tatu watafuata mkondo. Media za nje zilipoandika hii habari ziliwapita hao wazazi kama vile hawana akili, na huo nao ni upendeleo, tena unaumiza, kwa sababu mtu asiyesikilizwa habadiliki.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba pande zote mbili zilimwacha mwanaume. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanasema anayempa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Nenda mialoni ukasikie sasa, tumbo la binti linajulikana kijiji kizima, mwenye mtumbwi au mnunuzi wa dagaa aliyehusika hatajwi, familia zinamalizana nyumbani, binti anaambiwa akane, shahidi hafiki mahakamani kesi inakufa. 2017 hatukuuliza hilo, 2021 pia hatukuuliza, tulikuwa bize na nani kasema nini jukwaani.

Redio ziko hapa hapa Mwanza na visiwani ni safari ya meli tu. Tafuteni mabinti waliofukuzwa kati ya 2017 na 2021, sasa hivi ni watu wazima, muwaulize wao wenyewe ilikuwaje na nani alirudi darasani. Halafu mpite mahakama za wilaya muulize kesi za hao wanaume ziliishia wapi, na mkikuta mhusika ni kigogo wa chama chochote kile, mtangazeni kwa sauti ile ile.