Kipa Aliyedaka Kiatu

Balaa letu lilianzia kwenye bao zuri. Fainali ya kata, zawadi mbuzi, dakika ya 31 tukapata kona. Tulikuwa tumeifanyia mazoezi wiki mbili nzima: winga anauweka mpira kwenye robo duara, anausogeza kwa unyayo kiasi cha shubiri moja, kisha anajifanya kabadili mawazo. "Njoo upige wewe!" anaropoka, na kuondoka zake. Mpira umeshaguswa na umesogea, kwa hiyo uko mchezoni, ila wapinzani hawana habari. Beki wa kushoto anakuja taratibu kama mtu aliyetumwa chumvi, halafu ghafla anachomoka nao. Muhimu ni kumwambia mshika kibendera kabla ya mechi, la sivyo naye mtamwingiza mjini na atanyoosha kibendera. Tulimwambia. Krosi ikaja, ikanigonga gotini, ikaingia. Goti halikuwemo kwenye mazoezi, lakini nani anauliza.

Toka hapo tukajiona maprofesa.

Dakika ya 78, bado 1-0, refa akatupa penalti. Timu yenye akili timamu inapiga chini pembeni, inaenda kuchinja mbuzi. Nahodha wetu akanisogelea: "Mdogo wangu, ile ya Messi."

Ile ya Messi ni ya Februari 14, 2016, Barcelona na Celta Vigo: Messi aliusogeza mpira pembeni badala ya kupiga, Suárez akatokea nyuma akafunga. Cruyff na Jesper Olsen walishaifanya pale Ajax mwaka 1982. Sisi tuliiona kwenye kibanda umiza. Ambayo mwenye kibanda hakutuonyesha ni ya Arsenal na Manchester City, Oktoba 2005, Pires alipotaka kumsogezea Henry, akaugusa mpira kiduchu, Henry akabaki ameduwaa, na refa akawapa City mpira.

Sheria inaruhusu kabisa. Mpigaji ausukume mbele, maana kuurudisha nyuma ni kosa, na asiuguse tena mpaka uguswe na mwingine. Mwenzake anasubiri nje ya kumi na nane, mita 9.15 kutoka kwenye nukta, na haingii mpaka mpira upigwe. Kwa hiyo mkimbiaji anatazama mguu wa mwenzake, si uso. Pasi yenyewe iende kama mita moja na nusu, kwa mshazari, ili mkimbiaji aukute mpira bila kupunguza mwendo.

Yote hayo tulikuwa nayo kichwani. Tatizo ni kwamba mazoezi tulifanyia kwenye sakafu ya saruji ya soko, jioni wakishafunga, na fainali ilichezwa kwenye mchanga. Pale kwenye nukta, miaka na miaka ya watu kuchimba kwa ncha za viatu imeacha kishimo cha kutosha bakuli la uji. Mpira ukitua humo unazama robo nzima.

Nahodha akausukuma kwa upole, kama tulivyokubaliana. Mpira ukapanda ukingo, ukatulia pale juu kama abiria anayejiuliza kama hiki ndicho kituo chake, ukarudi shimoni. Naye akaupiga teke tena. Filimbi.

Sikuisikia, nilishatoka mbio. Na sijasema kwamba njumu zile niliazima kwa shemeji, namba 43, nami navaa 41. Mbele nilijaza gazeti. Mguu ukaenda pale mpira ulipotakiwa kuwa. Kiatu cha kulia kikachomoka, kikaelekea pembe ya juu kushoto kwa mkunjo ambao sijawahi kuupata kwa mpira. Kipa wao akaruka. Akakidaka kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani, akabingirika nacho. Mashabiki wao wakalipuka.

Adhabu ikaenda kwao, isiyo ya moja kwa moja, palepale shimoni. Mabeki wetu wote walikuwa wamepanda kuja kushuhudia sanaa. Kipa akachomeka kiatu wavuni, beki wao akapiga ndefu, fowadi wao akabaki na kipa wetu tu. 1-1. Kukimbia na kiatu kimoja kunaruhusiwa mpaka mpira utoke, lakini mchanga wa saa tisa alasiri ni kikaango, nilikuwa narukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa.

Tukaenda matuta, goli lilelile, shimo lilelile. Nahodha alipiga ya mwisho kwa nguvu zake zote. Mpira ukiwa umezama, mguu unaingia chini yake na unapaa tu. Ulipita juu ya mwembe.

Jioni shemeji akapiga hodi. "Shem, njumu zangu?" Nikampa moja. Ya pili iko kwa kipa wao. Tumemfuata mara mbili, na anasema hairudishi: aliidaka mwenyewe, ndani ya kumi na nane yake.